Kabla hujafuta kioo cha mita ya mshale

Mwezi wa Januari na Februari Nakuru hukauka kweli. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, vumbi halitulii, na kwenye vinu vya mahindi unga hutanda juu ya paneli ya umeme. Mwenye zamu anachukua kitambaa kikavu, anasugua kioo cha voltimita (mita ya kupima volti) mpaka king'ae, na mara mshale unapanda hadi volti 450 ilhali stima ni 415 kama kawaida.

Huo ni umeme tuli. Vioo vingi vya mita hizi ni plastiki, na plastiki ikisuguliwa hushika chaji isiyo na pa kwenda. Mshale ni mwepesi mno na nguvu inayousogeza ni ndogo, kwa hiyo chaji ya kioo huuvuta bila shida. Mita za mikroampea, yaani zinazopima mkondo mdogo sana, ndizo huteseka zaidi. Kisumu, penye unyevu wa ziwa, chaji huvuja upesi.

Kabla ya kufuta, zima swichi kuu, kisha utazame kama mshale umerudi sifuri. Usipoona sifuri, tafadhali usikimbilie bisibisi. Ukizungusha skrubu ya sifuri, ile ya kurekebisha mshale usimame kwenye sifuri, wakati kioo kina chaji, chaji itakapoisha utabaki na mita inayodanganya kila siku, na hapo ndipo mota huungua watu wakidhani volti ziko sawa. Kipulizie kioo pumzi ya mdomo, taratibu. Mshale ukishuka wenyewe, mita ni nzima.

Andaa kitambaa laini cha pamba, maji, na tone la sabuni ya vyombo. Kikamue sana, maji yasipenye ndani. Pitisha mara moja, uache kioo kikauke chenyewe: utando mwembamba wa sabuni unaobaki hushika unyevu na kuipa chaji njia. Petroli na thina ziweke mbali, hupasua plastiki.

Kama ni ampimita (mita ya kupima mkondo) inayotumia transfoma ya mkondo, yaani kifaa kinachopunguza mkondo kabla haujafika kwenye mita, usilegeze nyaya zake mzigo ukiwa unaendelea. Volti zinazoweza kutokea hapo huua.

Uwe pia na maltimita, kipimo cha mkononi cha umeme. Stima ikirudi, linganisha inachosoma na kile cha mita ya paneli. Tofauti ikibaki kubwa, kasoro imo ndani ya mita, na hiyo ni kazi ya fundi.