Somo: Kupanga kituo cha jua cha megawati 10 Unguja

Wengi huanza na kiwanja. Kikishapatikana ndipo wanauliza umeme utapita wapi, na kazi ya mwaka mzima huharibika hapo. Unguja anza na gridi. Kisiwa kinapata umeme kutoka Bara kwa nyaya mbili za chini ya bahari za kilovolti 132: ule wa 1980 wa megawati 45 na ule wa 2013 wa megawati 100. Huo ni mfumo mdogo, na kila megawati ya jua unayoiingiza inaonekana.

Hatua ya 1: Mzigo wa mchana, yaani umeme unaotumiwa saa za jua. Iombe ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, takwimu za mzigo za mwaka mzima, kila nusu saa, kwa ile njia ya kilovolti 33 unayotaka kujiunga nayo. Usitazame kilele cha jioni, maana saa hiyo jua limeshazama. Tafuta mchana wenye mzigo mdogo kabisa, kwa mfano Jumapili ya masika hoteli zikiwa tupu. Njia ikila megawati 5 na wewe unasukuma 8 (kwa nini si 10, tazama hatua ya 4), megawati 3 zitarudi nyuma hadi kituo cha kupozea umeme. Volteji itapanda upande wako, inveta, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi, zitajizima zenyewe, na vifaa vya ulinzi vilivyopangwa kwa umeme wa kwenda upande mmoja vinaweza kukata njia nzima.

Hatua ya 2: Jua. Data ya setilaiti inatosha kuanzia, lakini weka kipimo cha mionzi uwanjani kwa miezi 12. Masika na vuli zote lazima ziingie. Kwa hali ya hewa yetu, kilowati 1 ya paneli hutoa takriban kilowati-saa 1,400 hadi 1,600 kwa mwaka. Benki haitakopesha kwa wastani huo. Itataka kiwango kinachotarajiwa kufikiwa miaka 9 kati ya 10, ambacho ni kidogo zaidi.

Hatua ya 3: Ardhi. Megawati 10 za paneli zinahitaji hekta 12 hivi, yaani ekari 30, pamoja na njia za gari. Uwanda wa mawe wa mashariki na kusini unafaa kuliko udongo mzuri wa kilimo. Lakini usiuite ardhi tupu. Watu hulima humo kwa zamu, huchanja kuni na huchoma chokaa. Ardhi ni ya umma kisheria, ila matumizi yana wenyewe. Kaa na sheha na wanakijiji kabla ya kupiga jiwe la kwanza la mpaka.

Kisha chunguza mwamba. Jiwe la matumbawe lina mapango, na nguzo moja ya kubeba paneli inaweza kugonga jiwe gumu wakati ya pili, hatua chache tu mbele, inazama kwenye uwazi. Choronga mashimo ya majaribio sehemu nyingi, fanya jaribio la kung'oa nguzo, na weka kwenye bajeti gharama ya kuchoronga na kumimina zege. Mkandarasi aliyezoea kupigilia nguzo kwenye udongo hukosea bei hapa kila mara.

Hatua ya 4: Hesabu ya vifaa. Paneli za wati 550: chukua 18,200. Zipange 28 kwa kila mnyororo, yaani zikiunganishwa moja baada ya nyingine, upate minyororo 650. Paneli yenye volti 50 ikiwa haina mzigo itafika volti 51 hivi asubuhi ya nyuzi 20. Mara 28 ni kama 1,420, chini ya kikomo cha vifaa cha volti 1,500. Ukiweka 30 umevuka. Inveta 40 za kilowati 200 zinatoa megawati 8, zikigawanywa kwa transfoma 4 za MVA 2.5 (takriban megawati 2.5) kila moja, za kupandisha hadi kilovolti 33. Usishangae paneli kuzidi inveta: seli ikifika nyuzi 60 hupoteza zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo megawati 10 kamili huzioni karibu kamwe. Paneli zielekee kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi.

Hatua ya 5: Mawingu. Hekta 12 ni kama mita 350 kwa 350. Wingu likienda mita 10 kwa sekunde hukifunika kituo chote kwa sekunde 35. Umeme hushuka ghafla, na betri ya megawati 4 kwa saa moja hulainisha mteremko huo. Hiyo haitoshi kulisha jioni.

Vibali: mazingira ZEMA (mamlaka ya mazingira), leseni ZURA (mdhibiti wa huduma za maji na nishati), mkataba wa kuuziana umeme ZECO. Peleka maombi yote baada ya hatua ya 1.

Maswali

*Makunduchi: Asalamu alaikum mwalimu. Mwishoni mwa 2009 tulikaa gizani miezi mitatu. Kituo hiki kingetuokoa?*

Waalaikumu salamu. Kikijengwa kwa inveta za kawaida, hapana. Inveta hizo hufuata gridi. Gridi ikifa nazo huzima, hata jua likiwa la utosi. Unahitaji inveta za betri zinazoweza kuunda gridi zenyewe, swichi ya kuitenga njia, na orodha ya wa kwanza kuwashiwa: hospitali, visima vya maji. Andika sharti hilo kwenye zabuni ya kwanza kabisa. Kuliongeza baadaye ni kubadili vifaa na mipangilio ya ulinzi.

*Wete: Na huku Pemba, ndugu?*

Hesabu ni ileile, kipimo kidogo zaidi. Waya wenu kutoka Tanga ni wa kilovolti 33, ulioanza kazi 2010, hivyo angalieni mzigo wa mchana kwa makini zaidi. Msikate mikarafuu. Magharibi ni vilima na mashamba. Uwanda wa mawe upo mashariki, upande wa Micheweni.

*Paje: Chumvi je?*

Kaa kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Chuma kichovywe zinki ya moto, wastani usipungue mikroni 85, na pima mwenyewe kontena likifunguliwa. Paneli ziwe zimepita jaribio la ukungu wa chumvi, kiwango cha kimataifa IEC 61701. Kutu huanza kwenye boliti na pale fundi alipokata chuma uwanjani bila kupaka zinki tena. Huko ndiko ukague kila baada ya miezi 6.