Namna ya kufuatilia siasa za Ahmed Madobe bila kupotea

Kwanza jua jina, maana hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Huyu kiongozi wa Jubaland, jimbo la kusini mwa Somalia, kwenye karatasi ni Ahmed Mohamed Islam, Madobe ni jina la utani, maana yake mweusi, na Wasomali wanatumia sana majina ya hivyo hata kwa wakubwa, kwahiyo ukisearch tafuta yote mawili.

Pili usianzie 2013 alipochaguliwa rais wa Jubaland, anzia 2006 akiwa gavana wa Kismayo chini ya Mahakama za Kiislamu, kundi lililoshika kusini mwa Somalia wakati huo, halafu jeshi la Ethiopia likaingia, akajeruhiwa, akakamatwa akafungwa Ethiopia, akaachiwa, baadae akaongoza kundi la wapiganaji liitwalo Ras Kamboni na 2012 wakaingia Kismayo pamoja na jeshi la Kenya kuwatoa Al-Shabaab. Yaani bila hiyo miaka huwezi elewa kitu.

Tatu weka ramani karibu. Jubaland inapakana na Kenya na Ethiopia, na Kismayo ni bandari, anayeishika ana ushuru mkononi, ndo maana kila mtu anapagombania.

Uchaguzi wa 2015 na 2019 pitia tu, ila 2024 tulia nayo: Novemba akachaguliwa tena, serikali kuu ya Mogadishu ikakataa, mahakama za pande mbili zikatoa hati za kukamata rais wa upande mwingine, Desemba pande hizo zikapigana kwenye mji wa Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya, na askari wa serikali kuu wakavuka mpaka kuingia Lamu. Inaumiza kweli, hao ni ndugu na Al-Shabaab bado wapo pale pale.