Somo: Jinsi ya kupata mkutano wa AA Kenya

Somo hili ni la mtu ambaye pombe imemshinda na sasa anataka kukaa na wenzake walioiacha. Hatubishani hapa nani mlevi na nani si mlevi. AA, yaani Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, yenyewe haina kipimo: sharti la uanachama ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa.

Kwanza, mwili. Kama mikono hutetemeka asubuhi mpaka uzimue kwa pombe kidogo, au utoe loki kama wasemavyo vijana, usiache ghafla peke yako nyumbani. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapoikosa, haidharauliwi. Kwa mnywaji wa kila siku inaweza kuleta degedege, kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, hasa siku tatu za mwanzo, na watu hufa. Nenda hospitali, taja kiasi unachokunywa bila kupunguza, upewe dawa za kukuvusha. Mkutano hautibu hilo.

Pili, kutafuta. Ukiandika "AA Kenya" kwenye simu utaletewa chama cha wenye magari na mafunzo yake ya udereva! Andika jina zima, Alcoholics Anonymous, pamoja na mji wako. Ipo pia programu ya bure ya AA wenyewe, Meeting Guide, inayoonyesha mikutano iliyo karibu. Huonyesha ile iliyoandikishwa tu, kwa hiyo ramani ikiwa tupu usikate tamaa. Piga 1192, nambari isiyotozwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize kikundi kilicho karibu nawe. Kitengo cha afya ya akili hospitalini au kituo cha urekebishaji nacho ni mahali pazuri pa kuuliza.

Tatu, thibitisha. Hapa ndipo wengi hukwama, nami nasisitiza. Kikundi huhama chumba, hubadili siku, hata huvunjika, na tangazo likabaki palepale. Mtu aliyejikaza wiki nzima akakuta mlango una kufuli, harudi tena. Kabla hujatoa nauli, piga simu au tuma ujumbe: bado mnakutana? Chumba gani hasa? Mkutano ni wa wazi au wa kufungwa? Wa wazi huingia yeyote, hata ndugu aliyekusindikiza. Wa kufungwa ni wa wenye shida ya pombe peke yao. Angalia na saa. Orodha ikisema 18:30, ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mkutano wa mtandaoni ukiandikwa kwa saa za New York, ongeza saa nane, au saba wakati wa kiangazi chao.

Nne, ingia. Fika mapema kidogo, keti popote. Hakuna kiingilio. Kikapu hupitishwa kwa kodi ya chumba na chai, na mgeni halazimiki kutia kitu. Watu hujitaja kwa jina la kwanza. Zamu ikikufikia, "leo nasikiliza tu" inatosha. Mkutano ukiisha usitoke mbio: zungumza na watu, chukua nambari za simu. Kwa maoni yangu nambari hizo zina faida kuliko shuhuda zote ulizosikia, maana kiu ya saa nne usiku haingoji mkutano wa Alhamisi.

Usipoupenda, jaribu kikundi kingine. Havifanani.

MASWALI

*Mimi ni Mwislamu wa Mombasa. Naambiwa wanakutana kanisani. Itakuwaje?*

Vikundi vingi hukodi chumba kanisani, shuleni au hospitalini kwa sababu ni rahisi. AA haifungamani na dini yoyote. Hatua zao kumi na mbili, yaani mwongozo wanaoufuata ili kuacha pombe, humtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", na mara nyingi hufunga kwa dua fupi. Unaweza kunyamaza au kuomba kwa namna yako.

*Mume wangu ndiye anayekunywa, na hataki kusikia habari za mikutano. Nimburute?*

Hapana, mama. Nenda wewe. Al-Anon ilianzishwa 1951 kwa ajili ya jamaa wa walevi, na huhitaji ruhusa wala toba yake ili uingie.

*Kuna ushahidi wowote, au ni maneno tu?*

Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Yaliona kwamba AA, pamoja na tiba za kitaalamu zinazomwelekeza mtu huko, husaidia kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine au kuzishinda. Haimaanishi kila anayeingia huacha.

*Nikiwa nimekunywa siku hiyo, nitafukuzwa?*

Kwa kawaida hapana, mradi hufanyi fujo. Vikundi vingi vitakuomba usikilize tu, usizungumze. Ila usiendeshe gari wala pikipiki kwenda huko.

*Kwetu hakuna kikundi kabisa, na bando ni ghali.*

Mikutano mingine ya mtandaoni ni ya sauti tu, nayo hula bando kidogo kuliko ya video. Halafu muulize muuguzi wa zahanati kama yupo mwingine anayetaka kuacha, akuunganishe naye kama mwenyewe ataridhia. AA ilianza 1935 mjini Akron, Ohio, kwa watu wawili: Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Kwa desturi zao, wawili au watatu waliokutana ili waache pombe wanaweza kujiita kikundi. Pangeni siku na mahali, na pasiwe baa, hata kama mnafuata nyama choma tu.