Kumpokea mtoto wa kwanza wa mbwa nyumbani
Msimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Anayetengwa na mama mapema huuma ovyo na huwa mwoga. Mtazameni akicheza na nduguze: macho yasiwe na tongo, fizi ziwe za waridi. Tumbo likivimba kama ngoma huku mbavu zinahesabika, mara nyingi hiyo ni minyoo.

Daini kadi ya chanjo kabla ya kupenda rangi. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, humfanya atapike na kuhara damu, na virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, kwa hiyo asikanyage nje ya geti mpaka amalize chanjo, karibu wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa: akifikisha miezi 3.

Mlisheni mara 4 kwa siku; maziwa ya ng'ombe huweza kumharisha. Usiku wa kwanza atalia. Mlazeni karibu nanyi, juu ya kitambaa chenye harufu ya mama yake.