Jinsi ya kuandaa usiku wa kuwakumbuka wakongwe wa panki (na kwanini uufanye Aprili)

Watu wengi kuwakumbuka wanamuziki wa panki (punk, ule muziki wa magitaa wa kasi na kelele wa miaka ya 70) kwao ni kuweka picha ya Sid Vicious kwenye status, pumzika kwa amani kaka, basi imeisha hiyo. Sid alikufa Februari 2, 1979 akiwa na miaka 21, na ukweli ni kwamba hata besi yenyewe alikuwa haijui vizuri, ile albamu ya 1977 ya bendi yake, Sex Pistols wa London, besi sehemu kubwa kapiga Steve Jones ambaye ndo alikuwa mpiga gitaa wao. Simsemi marehemu vibaya, ila kumbukumbu yetu ikiishia kwake tu tunakuwa tumewaacha waliofanya kazi.

Sasa haya ni maelekezo ya kuandaa usiku mmoja wa kusikiliza, sebuleni tu, watu watano sita wanatosha. Sheria ni moja na ukiishika hiyo mengine utajipanga mwenyewe: wimbo usipigwe mpaka mtu aseme nani aliusikia enzi hizo na alipousikia akaenda kufanya nini. Maana panki ndo ilivyotembea, mtu anaona shoo moja mbovu, kesho yake anatafuta gitaa.

Tarehe kwanza. Weka Aprili, kwasababu mwezi huo umejaa. Tarehe 9 Aprili 2022 alikufa Chris Bailey, mwimbaji wa The Saints, tarehe 15 Aprili 2001 Joey Ramone, mwimbaji wa Ramones, tarehe 23 Aprili 1976 ndo ilitoka albamu ya kwanza ya Ramones, na tarehe 25 Aprili 2011 akaondoka Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex. Jumamosi yoyote ya katikati ya mwezi unakuwa umewagusa wote.

Alafu vyombo, hapa naomba unisikilize, usitumie kile kispika kimoja cha bluetooth. Tafuta spika mbili, hata za redio ya zamani, uziweke mbalimbali moja kushoto moja kulia watu wakae katikati. Albamu ya kwanza ya Ramones walivyoichanganya, besi ya Dee Dee iko upande wa kushoto na gitaa la Johnny liko kulia, sauti na ngoma ndo ziko kati, kwahiyo ukiwa na spika mbili unaweza kumwambia mtu asogee kulia asikie gitaa peke yake, anahama kushoto anasikia besi, yaani unaifungua bendi nzima mbele ya wageni. Kwenye spika moja hayo yote yanakuwa uji.

Wiki moja kabla mgawie kila mgeni mtu wake wa kusoma habari zake. Na mwambie kabisa hotuba isizidi urefu wa wimbo, yani dakika mbili, akizidisha unabonyeza pleyi akiwa bado anaongea, huo ndo upanki wenyewe.

Kufungua, mi ningeanza na bendi ambayo wakati wake hakuna aliyeisikia. Wanaitwa Death, ndugu watatu weusi wa Detroit, David, Bobby na Dannis Hackney. Walirekodi 1975, kabla Ramones hawajatoa kitu, na unasikia kabisa mwendo ni ule ule. Bosi mmoja mkubwa wa muziki, Clive Davis, alikuwa tayari kuwasaidia ila wabadilishe jina, David akagoma, dili likafa. 1976 wakatoa singo yao wenyewe, Politicians in My Eyes, kopi 500, ikazama. David akafa mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu na zile nyimbo zikaja kutoka kama albamu 2009, baada ya watoto wa Bobby kugundua kwamba hii bendi ambayo wakusanyaji santuri wanaitafuta kumbe ni mzee wao na ndugu zake. Mpe hadithi hii mtu anayejua kusimulia, asiwe yule wa kusoma kwenye simu.

Baada ya hapo Ramones, na hapa usichague nyimbo, piga albamu nzima. Nyimbo 14 kwa dakika 29, chai haijapoa imeisha. Iligharimu kama dola 6,400 tu na walimaliza ndani ya siku chache. Simu zote ziwekwe mezani. Ikiisha ndo mnaongea, na mambo ya kuongea yapo mengi: kwamba hawakuwa ndugu, walijipa tu jina la ukoo mmoja, watoto wa Forest Hills kule Queens New York, kwamba Tommy mpiga ngoma alizaliwa Budapest, na kwamba Joey na Johnny walinuniana miaka na miaka huku wanazunguka dunia kwenye gari moja, mpaka wanaachana 1996 walishapiga shoo 2,263. Hebu fikiria shoo zote hizo na mtu msiyesalimiana.

Na vifo vyao viseme kama vilivyo. Kuna tabia ya kuifanya panki kama vile wote walikufa kwa unga na ikaonekana ni ushujaa. Kati ya wale wanne wa mwanzo ni Dee Dee tu aliyekufa kwa heroini, 2002. Joey ilikuwa saratani ya limfoma, Johnny saratani ya tezi dume 2004, Tommy saratani ya njia ya nyongo 2014. Ukiyasema hivyo hakuna anayeondoka pale akidhani sindano ni sehemu ya muziki.

Na kama kuna mgeni kaja na tisheti ya Ramones ya mtumba (atakuwepo tu, hizo tisheti ziko kila gunia) usimcheke, mwambie ile nembo ilichorwa na Arturo Vega, rafiki yao, akaiga muhuri wa rais wa Marekani ila tai akamshikisha gongo la besiboli. Alafu mwambie sasa asikilize.

Sasa tunafika kwa mtu wangu. Chris Bailey. Huyu alizaliwa Nanyuki, ndio Nanyuki hiyo hiyo ya Kenya chini ya mlima, 1956, wazazi wake Wairishi, akakulia Belfast kabla familia haijahamia Brisbane Australia akiwa mtoto wa miaka kama saba. Kiswahili sijui kama alibaki nacho hata neno na sitaki kumfanya mwenzetu kwa nguvu, lakini sauti moja kubwa ya panki ilianza kulia kwenye ardhi yetu na hakuna anayeisema! The Saints walikuwa wanapiga muziki huu Brisbane bila kujua New York kunaendelea nini, polisi wa pale enzi za Joh Bjelke-Petersen, kiongozi wa jimbo lao la Queensland, wanafunga shoo zao, wakageuza nyumba waliyokuwa wanaishi kuwa klabu. Septemba 1976 wakatoa (I'm) Stranded kwa hela zao, kopi 500. Angalia tarehe hiyo vizuri, The Damned walitoa New Rose Oktoba na Sex Pistols wakatoa ya kwanza Novemba, kwahiyo vijana wa Brisbane waliwatangulia London nzima. Kopi zikatumwa Uingereza, jarida la Sounds likaisifia mno, kampuni ya santuri ya EMI ikawasaini fasta. Na kijana mmoja aliyekuwa anawaangalia jukwaani huko Australia ni Nick Cave, ambaye naye alikuja kuwa mwimbaji mkubwa na miaka mingi baadaye alimuita Bailey waimbe pamoja, na 2014 Bruce Springsteen, nyota wa rock wa Marekani, naye akarudia wimbo wao Just Like Fire Would. Pigeni Stranded, kisha huo wa Springsteen papo hapo, mnyororo wenyewe unajieleza.

Manchester ipitie haraka, wengi wanaijua. Juni 4, 1976 Sex Pistols walipiga kwenye ukumbi mdogo, watu wachache tu, shoo iliandaliwa na vijana waliokuja kuwa Buzzcocks, na mmoja wa waliokuwepo, Peter Hook, kesho yake akaenda kununua besi. Huyo ndo mpiga besi wa bendi ya Joy Division na baadaye New Order. Pigeni kitu cha Spiral Scratch, santuri ya Buzzcocks, walikopa kama pauni 500 wakaitoa wenyewe Januari 1977, na mtajeni Pete Shelley aliyekufa Desemba 2018.

Kwa Poly Styrene punguzeni mwendo tena. Baba Msomali, mama mwenye asili ya Scotland na Ireland, kakulia Brixton, London. Siku ya bethdei yake ya 19, Julai 3, 1976, akawaona Sex Pistols pale Hastings, akarudi akaweka tangazo gazetini kutafuta watu wa kuunda bendi. Binti mweusi, meno na vyuma, saksofoni nyuma yake badala ya gitaa la mbwembwe, na anaimba kuhusu plastiki na matangazo ya biashara miaka ya 70. Neneh Cherry amesema mwenyewe alichota kwake. Changanyeni nyimbo zake na rege, na hii sio mapambo, pale klabu ya Roxy London DJ Don Letts alikuwa anapiga rege kwasababu santuri za panki zenyewe zilikuwa hazijatosha, na bendi ya The Clash nao wakarudia Police and Thieves, wimbo wa rege wa Junior Murvin, na Bob Marley akajibu na Punky Reggae Party.

Ukishaweka rege, kuingia Bad Brains ni rahisi, marasta wa Washington wanaopiga kasi kuliko wazungu wote. Albamu yao ya 1982 ilitoka kwa kaseti tu. Beastie Boys wa mwanzo kabisa, kabla ya rap, walikuwa wanawaiga hawa.

Mwisho leta gitaa, lolote hata lenye nyuzi pungufu. Mfundishe kila mtu kodi (chord) tatu kuu za Blitzkrieg Bop ya Ramones, A, D na E, alafu sheria ya Johnny: mkono unapiga kwenda chini tu, haurudi kwa juu, mwanzo mpaka mwisho. Dakika ya kwanza wote watacheka, ya pili kiganja kinawaka moto na hapo ndo wanamuelewa yule jamaa aliyefanya hivyo kwa miaka 22. Jirani umtaarifu mapema, ikibidi umkaribishe, na gitaa likianza we zima spika.