Laptopu kwenye doki: jinsi ya kuifanya Wi-Fi ikae pembeni waya ukichomekwa

Mhasibu wetu alinipigia nikiwa bado kwenye daladala. "Kaka, mfumo umegoma tena." Mfumo haukuwa na tatizo. Laptopu yake ilikuwa kwenye doki, kile kisanduku unachochomeka waya mmoja wa USB-C ukapata skrini, kibodi, chaji na LAN (mtandao wa waya) kwa pamoja. Waya wa LAN ulikuwepo, lakini asubuhi pale mapokezi alikuwa ameiunganisha Wi-Fi ya wageni kwa mkono, akaja nayo hadi mezani. Seva ya hesabu iko kwenye mtandao wa ndani, na Wi-Fi ya wageni haina ruhusa ya kufika huko. Siku nyingine ilikubali, siku nyingine ikakataa, na hilo "siku nyingine" ndilo lililonila muda.

Ninayoandika hapa ni ya Windows 10 kuanzia toleo la 1903, na Windows 11. Mac na Linux nitazigusa mwishoni kidogo tu, kwa sababu huko shida ni ndogo.

Hatua ya 1: Pima waya kabla ya kuilaumu Wi-Fi

Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, andika:

Get-NetAdapter

Tazama safu ya LinkSpeed. Ukiona 1 Gbps, ruka hatua ya 2. Ukiona 100 Mbps, simama hapo, maana umeshampata mchawi.

Windows huipa kila njia ya mtandao namba inayoitwa metric, na yenye namba ndogo ndiyo inayopita mbele. Ukiiachia ipange yenyewe, waya wa 1 Gbps hupata 25. Wi-Fi nzuri ya zaidi ya 500 Mbps hupata 30. Lakini waya uliokwama kwenye 100 Mbps hupata 35, kwa hiyo Wi-Fi inamshinda! Mhasibu akikaa karibu na kifaa cha Wi-Fi, kasi inapanda na trafiki yake inapita kwa wageni. Akikaa mbali, kasi ya Wi-Fi inashuka na namba yake inapanda hadi 40 au zaidi, waya unashika usukani, mfumo unafunguka. Hiyo ndiyo siri ya "siku nyingine". Zione namba zako mwenyewe hivi:

Get-NetIPInterface -AddressFamily IPv4 | Sort-Object InterfaceMetric

Hatua ya 2: Badilisha waya

Gigabit inahitaji nyaya ndogo zote nane ziguse. 100 Mbps inaridhika na nne. Kiunganishi kilichobanwa kwa haraka na fundi, au waya uliokanyagwa na kiti kwa miaka miwili, hupoteza jozi moja na kompyuta hushuka kimyakimya bila kukuambia. Nunua waya wa Cat5e au Cat6 uliotoka kiwandani na vichwa vyake, chomeka, pima tena. Ikibaki 100, kagua tundu la ukutani na swichi. Mimi sibani tena waya wa mezani kwa mkono. Muda wangu ni ghali kuliko waya wa mita mbili.

Hatua ya 3: Weka sera

Waya mzuri pekee hautoshi. Hata metric ya waya ikiwa ndogo, Wi-Fi inabaki hai, na Windows ina tabia ya kuuliza majina ya seva kwenye mitandao yote miwili kwa pamoja. Tunataka Wi-Fi iachie kabisa.

Kama kompyuta zenu ziko kwenye domeni, yaani zinasimamiwa kwa pamoja kutoka seva ya ofisi, fungua Group Policy, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Network, Windows Connection Manager. Chagua "Minimize the number of simultaneous connections to the Internet or a Windows Domain", iwashe, kisha uchague "3 = Prevent Wi-Fi when on Ethernet". Kama ni laptopu moja tu, amri hii inatosha, ila iandike kwa mstari mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WcmSvc\GroupPolicy" /v fMinimizeConnections /t REG_DWORD /d 3 /f

Zima na uwashe. Basi.

Usichague 1 ukidhani ni ileile. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya Windows hata usipogusa kitu: inazuia Wi-Fi kujiunga yenyewe, lakini mtu akibofya kwa mkono inamkubalia. Mhasibu alibofya kwa mkono.

Hatua ya 4: Njia mbili nilizopitia kabla ya hiyo, na kwa nini usizifuate

Hapa ndipo nilipoteza siku nzima, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza nilijaribu kupanga metric kwa mkono, Set-NetIPInterface kwenye "Ethernet 3", jina ambalo Windows iliipa LAN ya doki, nikaipa 10. Ilifanya kazi vizuri sana, hadi siku mhasibu alipohamia meza nyingine. LAN ya doki mara nyingi ni adapta ya USB iliyofichwa ndani yake, na Windows huitambua kila doki kama adapta mpya: leo Ethernet 3, kesho Ethernet 5. Wakati mwingine hata kuihamisha doki ileile kutoka tundu la kushoto kwenda la kulia huzaa adapta nyingine. Mpangilio wako unabaki kwenye adapta ya zamani, mpya inaanza na mipangilio yake ya kiwandani. Kama ofisi yenu kila mtu ana meza yake na doki yake, metric inaweza kukufaa. Kwetu watu hukaa palipo wazi, kwa hiyo nilikuwa nakimbizana na namba.

Jambo hilohilo linahusu anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kila adapta. Ukitenga IP kwa MAC kwenye DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), jua kwamba huenda umeitengea doki, si mtu. Laptopu nyingi za kibiashara za Dell, HP na Lenovo zina kipengele kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) cha kuipitisha MAC ya laptopu kwenye doki. Kiwashe kama unahitaji, ila jaribu na doki zenu kwanza.

Pili, nikaandika skripti, yaani amri zinazojiendesha zenyewe. Task Scheduler inasubiri tukio namba 10000 la NetworkProfile, yaani mtandao umeunganishwa, skripti inaangalia kama kuna Ethernet hai, ikiwepo inaizima adapta ya Wi-Fi kwa Disable-NetAdapter. Tukio 10001 linairudisha. Nilijiona fundi kweli.

Kilichofuata: VirtualBox na Hyper-V, programu za kuendesha kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta, huweka adapta zao za bandia zinazoonekana kama Ethernet hai muda wote, hivyo laptopu ya mtengeneza programu wetu ikakosa Wi-Fi milele. Hilo nikalirekebisha. Kisha mwenzetu mmoja akafunga kifuniko, laptopu ikalala, akaichomoa kwenye doki na kusafiri nayo Morogoro. Kule ikaamka na adapta ya Wi-Fi imezimwa, skripti haikuamka nayo, na yeye hana haki za msimamizi za kuiwasha. Nilimwongoza kwa simu atumie USB ya simu yake kama modemu ili niingie kutoka mbali. Sera ya hatua ya 3 haizimi adapta, inakata muunganisho tu, na waya ukiondoka Wi-Fi inarudi bila kuhitaji haki yoyote. Skripti nimezifuta zote.

Hatua ya 5: Jaribu

Chomeka doki, Wi-Fi iachie. Chomoa, hesabu sekunde hadi irudi. Rudia ukiwa umeilaza laptopu katikati.

Kama printa ikapotea baada ya kuchomeka, huenda ni kwa sababu mtandao mpya umewekwa Public, yaani Windows inauhesabu kama mtandao wa nje usioaminika. Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet 5" -NetworkCategory Private, ukiweka jina la adapta yako.

Mambo ya kuwaambia watumiaji

Kikao cha video kitakatika ukichomoa doki katikati, maana IP inabadilika na VPN inaanza upya. Hamia kwanza, ndipo ujiunge.

Umeme ukikatika, doki inazimika, LAN inaondoka, Wi-Fi inashika kama ruta iko kwenye UPS. Hiyo ni sawa. Balaa ni pale umeme upo lakini faiba imekatika: waya bado "umeunganishwa", kwa hiyo sera inakataa hotspoti ya simu hata ubofye mara kumi na bando lipo. Lazima uchomoe waya.

Kwenye Mac, tumia "Set Service Order", pandisha adapta ya doki juu ya Wi-Fi. Linux yenye NetworkManager huupa waya metric ya 100 na Wi-Fi 600 tangu mwanzo, sijawahi kuigusa.

Nimebandika karatasi kwenye kila doki: "Hotspoti haikubali? Chomoa LAN kwanza." Simu za asubuhi zimepungua.