Taftishi ya bei ya maji Dodoma: jinsi ya kuuliza swali la sola wakakujibu

Wana Dodoma, tangazo la taftishi, yani kikao cha wazi cha kusikiliza maoni kuhusu bei, likitoka msilipite tu. EWURA, wasimamizi wa bei za maji na umeme, kabla ya kubadilisha bei ya DUWASA, mamlaka yetu ya maji, inabidi iwasikilize wananchi, na pale ndo pa kusemea, kijiweni hatusikiki. Swali letu ni hili: kwa nini DUWASA isipampu maji kwa sola ili bili yake ya umeme ipungue?

Kabla hujaenda, yatafute yale maombi ya bei ya DUWASA, ruka kurasa za mwanzo nenda kwenye gharama za uendeshaji uone umeme unakula shilingi ngapi. Maji ya visima vya Mzakwe hayaji yenyewe, yanavutwa chini afu yanasukumwa mpaka mjini. Hesabu ya haraka: kupandisha lita 1000, yani uniti moja ya maji, mita 100 juu kwa pampu ya kawaida unatumia kama nusu uniti ya umeme, sasa zidisha kwa mji mzima.

Ukishika mic usianze na mambo ya kuokoa dunia, watakupigia makofi na hamna atakayejibu. Na lazima atasimama mtu aseme bwawa la Nyerere lina megawati 2115, sola ya nini tena? Usibishane nae, umeme wa maji nao ni wa kijani, bwawa la Mtera liko hapo jirani tunalijua. Wewe mwambie bwawa halifuti bili, mamlaka bado inanunua umeme TANESCO na bili hiyo inaishia kwenye ankara yako.

Wakikuambia betri ni ghali, hapo ndo pamenoga. Maji hayahitaji betri! Unapampu mchana jua likiwaka, unajaza tenki, usiku yanashuka yenyewe. Kwa hiyo uliza hivi: matenki yaliyopo yanabeba matumizi ya masaa mangapi? Kama ni machache, paneli peke yake ni mapambo, inabidi wajenge na tenki.

Uliza pia hela ya kufunga sola inatoka wapi, maana kama ni mkopo utarudi kwenye bei ileile, na bora waseme ni miaka mingapi. Ulinzi wa paneli usiusahau jamani, mnawajua watu wetu.

Kama unaogopa kuongea andika barua, peleka EWURA na nakala EWURA CCC ambao kazi yao ni kutetea watumiaji, na nakala yako wagongee muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka pale mapokezi.